Charles Richet: sumu ya baharini, mbwa aitwaye Neptune na Nobel ya mwaka 1913

Leo tuweke pembeni kidogo siasa na mpira. Nawaletea historia ya Mfaransa mmoja ambaye shuleni hatukumsikia kabisa, lakini kazi yake iko kwenye kila zahanati unayoingia. Umewahi kuona mtu kaumwa na nyuki mmoja tu, mmoja jamani, halafu uso ukavimba, pumzi zikakata, akakimbizwa hospitali akiwa hoi? Au nesi kabla hajakudunga penisilini anakuuliza kama dawa hiyo iliwahi kukudhuru? Basi hapo umekutana na Charles Richet bila kujua. Huyu ndiye aliyeligundua tatizo hilo, akalipa jina, na alianzia kwenye kiumbe cha baharini ambacho ukikiona unadhani ni ua.

Nawatahadharisha mapema: huyu mzee siyo malaika. Kuna sehemu huku chini inauma, hasa kwetu sisi watu weusi. Msome mpaka mwisho ndiyo mje na maoni.

KIJANA WA KISHUA

Richet alizaliwa Paris mwezi Agosti 1850. Baba yake, Alfred Richet, alikuwa profesa wa upasuaji kwenye Kitivo cha Tiba cha Paris, kwa hiyo dogo hakukulia kwenye shida. Vitabu vilikuwepo, hela ilikuwepo, na jina la ukoo lilikuwa linafungua milango. Naye akasoma udaktari, ila kisu cha baba hakikumvuta. Akahamia fiziolojia, yaani elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi. Udaktari wa tiba alipata 1877, wa sayansi 1878, na 1887 akawa profesa wa fiziolojia pale pale alipofundisha baba yake, hata arobaini hajafika.

Jamaa alikuwa hatulii. Mwaka 1875, bado mwanafunzi, aliandika kuhusu watu wanaolazwa usingizi kwa maneno, wakati madaktari wenzake walikuwa wanaona mambo hayo ni ya wahuni wa sokoni. Akachunguza asidi ya tumboni. Akaonyesha kwa nini mbwa anahema kwa kasi ulimi nje siku ya joto: mbwa hatoi jasho kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Akatunga riwaya kwa jina la bandia la Charles Epheyre. Akaandika tamthilia na mashairi. Akahubiri amani kati ya mataifa. Halafu miaka ya 1890, yeye na fundi Victor Tatin wakatengeneza ndege ya mvuke isiyo na rubani. Na mwaka 1907 ndugu wawili, Louis na Jacques Breguet, wakishirikiana naye, wakatengeneza chombo chenye mapanga ya kuzunguka juu, babu wa helikopta za leo. Kilinyanyuka kweli, ingawa kidogo tu, na ilibidi watu wakishike pembeni kisipinduke. Hii yote ni mtu mmoja.

Lakini kuna kazi moja ya mwanzoni lazima niieleze, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini yaliyotokea baadaye yalimshangaza. Mwaka 1888, yeye na mwenzake Jules Héricourt walichukua mbwa waliougua vijidudu fulani vya usaha wakapona. Damu ya mbwa hao wakawapa sungura. Halafu sungura wakaambukizwa vijidudu vile vile. Waliopewa damu hiyo walihimili. Maana yake ni kwamba mnyama akishaugua akapona, kuna kitu kinabaki kwenye damu yake, kitu cha ulinzi, na ulinzi huo unaweza kuhamishwa kwenda kwa mwingine.

Tarehe 6 Desemba 1890 timu yake ikamdunga binadamu kinga ya namna hiyo, wakilenga kifua kikuu. Haikufanikiwa. Mwezi huo huo kule Ujerumani, Emil von Behring na Mjapani Kitasato wakatangaza mambo yao ya pepopunda na dondakoo, na kwao ilikubali. Behring akachukua Nobel ya kwanza kabisa ya tiba mwaka 1901. Richet alikuwa ameshika njia sahihi, akachagua ugonjwa usio sahihi. Ndiyo maisha ya maabara.

MELI YA MTAWALA WA MONACO

Monaco ni nchi ndogo sana, ukubwa wake ni kilomita za mraba kama mbili hivi, lakini mtawala wake wa wakati huo, Prince Albert wa Kwanza, alikuwa na akili kubwa ya bahari. Wenzake wakicheza kamari yeye alikuwa anapima kina cha maji. Alikuwa na meli yake ya utafiti iitwayo Princesse Alice, na Julai 1901 akamchukua Richet na mwanasayansi kijana aitwaye Paul Portier wakaingia bahari ya Atlantiki, wakipita pande za visiwa vya Cape Verde na Azores.

Prince alikuwa na swali lake. Kwenye maji yale kuna kiumbe kinaitwa Physalia. Anafanana na yavuyavu, ila juu ana kibofu cha rangi ya bluu kinachoelea kama tanga, na chini anaburuza nyuzi ndefu za mita nyingi. Samaki akigusa uzi mmoja, kwisha habari yake. Baharia akiguswa anapiga kelele kwa maumivu na wengine wanazimia. Prince akawaambia wataalamu wake wachunguze sumu hiyo ni ya aina gani.

Basi humo humo melini wakakata nyuzi, wakatoa maji yake, wakawadunga bata na sungura. Wanyama wakalegea, wakalala, wakafa. Sumu ipo, tena kali. Tatizo likaja waliporudi Ufaransa: Physalia hapatikani kirahisi. Wakatafuta ndugu yake wa karibu, na huyo ndiye anemoni wa baharini.

Kwa wasiomjua, anemoni ni mnyama laini anayejibandika kwenye mwamba. Juu ana minyiri mingi imezunguka mdomo, ndiyo maana anaonekana kama ua. Kwenye matumbawe yetu huku wapo pia. Wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe waliopata umaarufu kwenye filamu ya Nemo ya mwaka 2003 makazi yao ni humo ndani ya minyiri. Anemoni wa Richet walikuwa wa jamii ya Actinia, wanaojaa kwenye miamba ya Ulaya. Kwenye ngozi ya minyiri kuna vijifuko vidogo mno, kila kimoja kina uzi umekunjwa ndani kama mtego. Kiguse tu, uzi unafyatuka na kudunga sumu.

Portier na Richet waliloweka minyiri kwenye gliserini, wakapata maji ya sumu, wakaanza kupima kwa mbwa ni kiasi gani kinaua.

MBWA ANAYEITWA NEPTUNE

Hapa sasa twende taratibu.

Sumu ya anemoni ilikuwa haiui haraka. Mbwa aliyepewa dozi kubwa alichukua siku kadhaa kabla ya kufa. Aliyepewa dozi ndogo aliugua kidogo au hakuugua kabisa. Na mbwa wa maabara ni gharama, huwezi kumtumia mara moja ukamtupa. Kwa hiyo waliopona walikuwa wanatunzwa wiki kadhaa mpaka wawe wazima kabisa, halafu wanarudishwa kwenye majaribio.

Richet na Portier walitegemea nini? Walitegemea kile kile ambacho wewe uliyesoma biolojia ya kidato cha pili ungetegemea. Mbwa ameshaonja sumu, mwili umeshaizoea, damu imeshatengeneza ulinzi, kwa hiyo dozi ya pili ataihimili vizuri zaidi. Mfalme Mithridates wa zamani inasemekana alikuwa anakunywa sumu kidogo kidogo ili asiuawe na maadui. Chanjo zote za Pasteur zilikuwa zinafuata njia hiyo hiyo. Na Richet mwenyewe alishaonyesha jambo hilo kwa sungura mwaka 1888.

Kulikuwa na mbwa mmoja, dume lenye nguvu na afya, jina lake Neptune, jina la mungu wa bahari wa Warumi. Alipewa dozi ndogo ya kwanza. Hakuna kilichotokea. Mbwa anakula, anacheza, mzima. Siku 22 baadaye, akiwa na afya yake yote, akapewa dozi ile ile ndogo.

Sekunde chache tu, mambo yakaharibika. Neptune akaanza kuhema kwa shida. Akashindwa kusimama. Akalala ubavu, akaharisha, akatapika damu. Dakika 25 baadaye Neptune alikuwa amekufa.

Tafakarini kidogo. Dozi ambayo mara ya kwanza haikumfanya chochote, mara ya pili inamuua ndani ya nusu saa, wakati sumu hiyo hiyo ikipewa nyingi kwa mbwa mgeni inachukua siku kadhaa. Ni kinyume kabisa na chanjo. Mwili uliojiandaa ndio uliokufa upesi zaidi.

Mtu mwingine angesema mbwa alikuwa mgonjwa, au vipimo vilikosewa, akafuta karatasi na kuendelea. Hapo ndipo ninapompa Richet na Portier heshima zao. Walirudia kwa mbwa wengine, wakapata matokeo yale yale. Wakagundua pia kwamba muda una kazi yake: ukirudia dozi baada ya siku chache, hakuna kitu, ukisubiri wiki mbili tatu, balaa. Yaani mwili unahitaji muda wa kujiandaa kwa ajili ya kujiangamiza. Tarehe 15 Februari 1902 wakatoa taarifa mbele ya chama cha biolojia cha Paris.

Jina wakalitoa kwenye Kigiriki. Kinga au ulinzi kwa Kigiriki ni phylaxis. Wao walitaka neno la kinyume cha ulinzi, wakachagua kuliita anafilaksia, kwa sababu linatamkika vizuri. Neno likaenea dunia nzima.

Mwaka 1907 Richet akaongeza jambo lingine zito. Alichukua damu ya mbwa aliyeshaandaliwa, akamtilia mbwa ambaye hajawahi kuonja sumu hata siku moja. Huyo wa pili naye akawa hatarini kama wa kwanza. Kwa hiyo hatari imo kwenye damu, ni kitu kinachohamishika, sawasawa na kile kinga cha sungura wa 1888. Ulinzi na maangamizi vinatembea kwenye mfereji mmoja.

Leo tunajua kinachotokea. Mara ya kwanza mwili unatengeneza kingamwili za aina inayoitwa IgE, ambazo watafiti walizitambua miaka ya 1966 na 1967. Hizo zinakwenda kujibandika kwenye seli fulani zilizotapakaa mwilini, zenye mifuko ya histamini. Zinakaa hapo kimya. Kitu kile kikija mara ya pili, iwe sumu ya nyuki, karanga, kamba, yai au penisilini, seli zinapasua mifuko yote kwa mpigo. Mishipa inavuja, presha inaporomoka, njia ya hewa inabana. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye msuli wa paja, haraka. Siyo kumwagia maji, siyo kumpaka mafuta, siyo kusubiri aone itakuwaje. Kama una ndugu mwenye mzio wa namna hiyo, dakika za Neptune zilikuwa 25 tu. Mpeleke hospitali.

NOBEL YA MMOJA

Mwaka 1913 Richet alipewa Nobel ya tiba. Peke yake. Portier, aliyekuwa naye melini, aliyekuwa naye maabara, ambaye jina lake liko kwenye taarifa ya 1902, hakupewa.

Kuna hoja za kumtetea Richet. Baada ya 1902 Portier aliendelea na mambo mengine, na Richet ndiye aliyeshikilia anafilaksia miaka kumi mfululizo, hadi akaiandikia kitabu mwaka 1911. Sawa, naelewa. Lakini mimi bado naona Portier alidhulumiwa. Kamati ingeweza kabisa kuwapa wote wawili. Mwaka 1906 walishawapa Golgi na Cajal kwa pamoja.

Na Portier hakuwa mtu mdogo. Mwaka 1918 aliandika kitabu akisema kwamba vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, mitokondria, asili yake ni bakteria walioingia na kuhamia humo. Alipingwa vikali. Alikosea baadhi ya mambo, lakini wazo lenyewe la msingi lilikuja kurudi miaka ya 1960 kupitia Lynn Margulis wa Marekani na leo liko kwenye vitabu vya shule. Portier alifariki 1962 akiwa na miaka zaidi ya tisini. Angalau Monaco hawakumsahau: mwaka 1953 walitoa stempu ya kukumbuka ugunduzi huo, yupo yeye, yupo Richet, yupo Prince na yupo Physalia.

SUMU YENYEWE IKOJE?

Hapa kuna jambo ambalo Richet alilitafuta na hakulipata. Alitaka kujua ile sumu ni kitu gani hasa. Akachuja, akaloweka kwenye pombe kali, akatenganisha. Kilichoyeyuka akakiita thalassini, kutokana na neno la Kigiriki la bahari. Hicho kilileta muwasho mkali. Kilichobaki akakiita kongestini, kwa sababu kiliwajaza mbwa damu kwenye matumbo. Kwa vifaa vya wakati ule ni kazi nzuri, lakini ni sawa na mtu anayetenganisha mchuzi na nyama halafu anadhani ameshajua viungo vyote. Hakuwa na njia ya kuona molekuli.

Ilibidi dunia isubiri. Kwanza Sanger wa Uingereza alipaswa kuonyesha, hadi kufikia 1955, kwamba protini ni mnyororo wa pingili zenye mpangilio maalum. Halafu mwaka 1958 Kendrew akaonyesha kwa eksirei umbo la protini ya kwanza. Richet alikuwa kaburini zaidi ya miaka ishirini.

Miaka ya 1970 ndipo mkemia László Béress, akifanya kazi Ujerumani, alipofanikiwa kutenganisha sumu safi kutoka kwa anemoni wa Ulaya aitwaye Anemonia sulcata. Zikaitwa ATX. Ni vitu vidogo mno: ATX ya pili ina pingili 47 tu za amino asidi, na mnyororo umefungwa kwa vishikizo vitatu vya salfa ili usifumuke. Kazi yake ni ya kishetani. Kwenye mishipa ya fahamu kuna milango midogo ya sodiamu inayofunguka na kufunga haraka kila ujumbe unapopita. Sumu hii inaweka mguu mlangoni. Mlango haufungi, ujumbe haukatiki, misuli inakakamaa.

Mwaka 1989 timu ya Kurt Wüthrich huko Zurich, Uswisi, ikachora umbo zima la ndugu yake, ATX ya kwanza, kwa mbinu ya NMR. Nieleze kwa lugha ya mtaani. Unayeyusha sumu kwenye maji, unaiweka ndani ya sumaku kubwa sana, halafu unaipigia mawimbi ya redio. Viini vya atomi za haidrojeni vinajibu, kila kimoja kwa sauti yake kidogo tofauti. Vilivyo jirani vinaathiriana, na hapo unajua pingili ya tatu, kwa mfano, imelala karibu na ya arobaini. Unakusanya mamia ya taarifa za ujirani kama hizo, unaipa kompyuta, kompyuta inaukunja mnyororo mpaka upatane na taarifa zote. Ni kama kuchora ramani ya mtaa bila kuuona, kwa kuuliza tu kila mtu jirani yake ni nani. Fizikia yake ni ile ile ya mashine ya MRI hospitalini. Wüthrich alipata Nobel ya kemia 2002 kwa ajili ya mbinu hiyo.

Sumu nyingine, ya anemoni wa Karibi, inaitwa ShK. Pingili 35 tu. Ilitangazwa 1995, umbo lake likajulikana 1996. Hii inaziba mlango wa potasiamu kwenye baadhi ya seli za kinga, zile ambazo kwa wagonjwa fulani zinashambulia mwili wao wenyewe. Watu wakaitengenezea ndugu yake wa maabara na kuijaribu kwa wagonjwa wa ngozi wa psoriasi. Oneni mzunguko huo: sumu ya anemoni ndiyo iliyotuonyesha kinga inavyoweza kumgeuka mwenye nayo, na sumu ya anemoni inajaribiwa kuituliza kinga hiyo.

Na wale Actinia wenyewe wa Richet? Wao wana sumu nyingine kubwa zaidi, ekwinatoksini, pingili 179, ambayo wanasayansi wa Slovenia wameishughulikia kwa miaka mingi. Umbo lake lilipatikana kwa eksirei mwaka 2001. Hii haiweki mguu mlangoni, inatoboa ukuta. Molekuli kadhaa zinakusanyika kwenye ngozi ya seli, zinashikana duara, kila moja inachomeka msumari wake ndani, na seli inabaki na tundu. Mwaka 2015 picha kamili ya tundu la sumu ya namna hiyo, kutoka kwa Actinia mwingine, ilionyesha molekuli nane zimejipanga kama faneli. Zaidi ya miaka mia moja baada ya Neptune.

PROFESA NA MZIMU WA ALGIERS

Sasa vituko. Huyu mtu aliyekuwa mkali wa vipimo maabara, jioni alikuwa anakaa gizani na waganga wa mizimu. Siyo kwa siri: alikuwa na jarida lake la mambo hayo, na mwaka 1905 alikuwa rais wa chama cha Waingereza kinachochunguza habari hizo. Neno ektoplazimu, yaani ule ute unaodaiwa kuwatoka waganga, ni yeye aliyelibuni.

Mwaka huo huo wa 1905 alikwenda Algiers, kwenye nyumba ya jenerali mmoja, ambako msichana aitwaye Marthe Béraud alikuwa anatoa mzimu wa kiume wenye kilemba na ndevu, jina lake Bien Boa. Richet akapiga picha. Halafu akafanya jaribio la kisayansi: akamwambia mzimu apulize ndani ya maji ya barita, ambayo yakipata hewa ya pumzi yanageuka meupe. Mzimu akapuliza, maji yakageuka meupe. Watu wakashangilia, mzimu akainama kushukuru makofi.

Mimi hapo ningejua tu kwamba huyo ni mtu anayepumua. Profesa akaona ni ushahidi kwamba mzimu unapumua! Baadaye dereva wa gari la farasi wa nyumba ile, Mwarabu aitwaye Areski, akadai kwamba alikuwa anacheza mzimu yeye. Magazeti yalicheka sana. Richet hakurudi nyuma, na 1922 akatoa kitabu kikubwa cha mambo hayo. Kwa kumtendea haki, niseme kwamba hakukubali kuwa ni roho za wafu; aliamini kuna uwezo wa mwili ambao sayansi bado haijaufikia.

SEHEMU INAYOUMA

Hayo ya mizimu tunacheka. Haya hayachekeshi.

Richet aliamini kwamba binadamu wanapaswa kuchaguliwa kama mifugo. Mwaka 1919 alitoa kitabu cha uteuzi wa binadamu. Humo alitaka watu aliowaona dhaifu wazuiwe kuoa na kuzaa, na watoto waliozaliwa na kasoro hakuona sababu ya jamii kuwalea. Watu weusi aliwaweka chini kabisa, na alipinga kabisa ndoa za mchanganyiko. Halikuwa neno lililomponyoka mezani. Miaka ya 1920 alikuwa rais wa chama cha Ufaransa kilichoeneza mawazo hayo.

Angalieni mwaka huo: 1919. Vita vya kwanza vya dunia ndiyo kwanza vimekwisha. Maelfu kwa maelfu ya askari kutoka Senegal, Mali na kwingineko Afrika Magharibi walikuwa wamekufa wakiipigania Ufaransa, makaburi yao bado mabichi. Na profesa wa Nobel, mhubiri wa amani, anaketi na kutoa kitabu hicho.

Wapo watakaosema kila mtu wakati ule alifikiri hivyo. Siyo kweli, hata Ufaransa walikuwepo waliopinga. Na kinachonishangaza zaidi ni huyu huyu mtu aliyesimama juu ya mbwa aliyekufa, akakubali kwamba kila alichoamini kuhusu kinga kina upande wa pili. Kwa mbwa alikubali kubadilishwa na ushahidi. Kwa binadamu hakutafuta hata ushahidi wenyewe.

Alifariki Paris, Desemba 1935, akiwa na miaka 85. Aliishi muda wa kutosha kuona mawazo ya aina yake yakianza kupewa serikali. Mwanawe, aliyeitwa pia Charles Richet na aliyekuwa daktari vilevile, alikamatwa na Wajerumani mwaka 1943 akapelekwa kambi ya Buchenwald. Alitoka hai.

Karibu na Paris, mji wa Villiers-le-Bel, kulikuwa na hospitali yenye jina la Charles Richet. Mwaka 2015 jina hilo liliondolewa kwa sababu ya maandishi yake, hospitali ikapewa jina la Adélaïde Hautval, daktari mwanamke ambaye akiwa mfungwa Auschwitz alikataa kushiriki majaribio ya madaktari wa Nazi. Neno anafilaksia limebaki, na Nobel yake imebaki. Wadau, mnaonaje? Walifanya sawa kulitoa jina? Na Portier je, apewe hospitali? Uwanja wa maoni uko wazi hapo chini, ila matusi nitafuta.